NESI NYUMBANI, SEHEMU YA 11: Tangi limeota kijani, usikimbilie dawa

 

Sehemu zilizopita tumeongea homa, kuharisha na chanjo. Leo naongea mwani kwenye tangi la samaki wa maji chumvi. Najua kuna mtu atasema nesi kaishiwa mada. Sijaishiwa. Tangi hili limenifikisha kwenye friji ya mtu, na ndani ya friji nikakuta kitu ambacho wengi wetu tunacho majumbani.

Jirani yangu ni mama kijana, ana mtoto wa miaka minne na mwingine wa miezi mitano. Wanaishi ghorofani hapa hapa Kariakoo, upande wa Msimbazi. Mtoto mkubwa alikuwa haishi kuimba Nemo, Nemo, mpaka baba yake akaleta tangi la lita 120, taa za buluu, mchanga mweupe, mawe makavu na samaki wawili wa rangi ya chungwa. Kuna rafiki yake wa Upanga anayefuga pia, akamkatia kipande cha tumbawe laini kutoka kwenye tangi lake. Hapo nawapongeza, maana mawe na matumbawe hayaokotwi Mbudya wala Bongoyo. Vile visiwa ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975.

Wiki za mwanzo tangi lilikuwa linang'aa. Wiki ya tano jirani akanigongea mlango.

"Shikamoo dada nesi."

"Marahaba mdogo wangu. Watoto hawajambo?"

"Watoto wazima, samaki ndio wananitia wasiwasi. Tangi lote limeota kijani, na mchangani kuna utando mwekundu unateleza. Baba watoto kasoma mtandaoni kwamba erithromaisini inamaliza. Nisaidie vidonge kumi tu. Au niweke ile dawa ya maji ya mtoto? Imebaki nusu chupa kwenye friji."

Nikamwambia twende kwanza nikalione hilo tangi. Na hiyo chupa pia.

Tangi jipya ni kama mtoto mchanga

Kwanza tuelewe kinachoendelea mle ndani. Samaki akila, anajisaidia humo humo. Kinyesi chake na chakula kilichobaki vinatoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Baharini amonia inapotelea kwenye maji mengi. Kwenye lita 120 haina pa kwenda.

Wanaookoa jahazi ni bakteria. Ndiyo, bakteria wema. Kuna kundi linalogeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu. Kundi lingine linageuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hawa wanaishi kwenye mawe, kwenye mchanga na kwenye filta. Tangi jipya hawamo wa kutosha, na kwa kawaida wanachukua wiki nne mpaka sita, au zaidi, kujijenga.

Ni kama tumbo la mtoto mchanga. Linaanza na wadudu wachache, na kila siku ya kunyonya wema wanazidi kushika nafasi zao. Kipindi hicho ukimwaga dawa kali bila sababu, unabomoa kabla nyumba haijaisha.

Kwa hiyo tangi jipya kuota mwani si ajabu. Ni umri wake. Mawe matupu na mchanga mtupu ni kiwanja kisicho na mwenyewe, na mwani ndiye wa kwanza kuhamia.

Soma rangi

Kuna mambo matatu yanayoonekana, na mara nyingi yanakuja kwa zamu.

Vumbi la kahawia. Linatanda kwenye mchanga na kioo wiki za mwanzo, ukipitisha kidole linatoka. Hivi ni viumbe vidogo sana vyenye ganda la silika, na silika inatoka kwenye mchanga mpya na kwenye maji ya bomba au ya kisima. Ikiisha, navyo kwa kawaida vinapungua vyenyewe.

Nywele za kijani. Huu ni mwani wenyewe, ndugu mdogo wa ule unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani tangu mwaka 1989. Kule ni riziki. Kwenye tangi ni dalili kwamba chakula kimezidi majini.

Utando mwekundu au wa zambarau, unateleza, una viputo vya hewa, unaubandua kama ngozi. Huu watu wanauita mwani, lakini ni bakteria wanaotumia mwanga kama mimea. Ndiyo maana mtandaoni wanasema antibayotiki inaua. Ni kweli inaua. Shida inaanza baada ya hapo.

Nani anaulisha?

Mwani haushuki kutoka mbinguni. Unahitaji mwanga, naitreti na fosfeti. Kwa hiyo nilipofika kwenye tangi sikuuliza habari ya dawa. Niliuliza maswali yale yale ninayomuuliza mama mwenye mtoto anayeharisha: anakula nini, mara ngapi, maji yanatoka wapi?

Taa inawaka saa ngapi? Kumbe inawashwa alfajiri na kuzimwa watu wakilala. Saa kumi na sita! Saa sita mpaka nane zinatosha. Na tangi liko karibu na dirisha, jua la asubuhi linaingia moja kwa moja.

Samaki wanalishwa mara ngapi? Mama asubuhi, dada wa kazi mchana, baba usiku, na mtoto wa miaka minne kila akiona kopo. Samaki wawili wadogo! Chakula kisicholiwa kinaoza, kinatoa amonia na fosfeti, mwani unakula.

Maji? Hapa ndipo nilipokaa chini. Maji ya kuchanganyia chumvi yanatoka kwenye kisima cha jengo.

Mama zangu, tuongee kidogo kuhusu visima vya mjini. Ardhi yetu imejaa vyoo vya shimo na makaro. Uchafu wa choo ukioza ardhini unatoa naitreti, inashuka na maji mpaka kisimani. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Tangi likijazwa maji ya namna hiyo, mwani umetengewa sahani kabla samaki hawajaingia.

Na sahani hiyo hiyo inamhusu mtoto wako. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa, na wanaolengwa hasa kulindwa ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Naitreti ikizidi inaweza kuizuia damu ya mtoto kubeba oksijeni sawasawa, akawa wa bluu midomoni. Kuchemsha hakusaidii kwa hili. Kunaua vijidudu, lakini naitreti inabaki, na maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Kwa hiyo mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu, maji hayahitaji kabisa. Kama kuna sababu ya kitabibu ya kutumia maziwa ya kopo, maji ya kisima kilicho karibu na vyoo yasiwe ya kuchanganyia. Jirani yangu ananyonyesha, tukamshukuru Mungu kwa hilo.

Wengine watasema, basi tuchote baharini, si bahari iko hapo? Si hapa mjini. Mto Msimbazi unapita katikati yetu, unakusanya ya mitaro yote, unakwenda kumwaga pale Salender. Na hata kule baharini habari ni ile ile: miamba inayopokea maji machafu inaota mwani, na ule mwani unafunika matumbawe. Wanaousafisha ni samaki kama tasi na pono, hao hao tunaowala. Wakivuliwa mpaka wakaisha, mwamba unakosa wafagizi.

Sasa twende kwenye ile chupa

Nilifungua friji nikaitoa. Antibayotiki ya maji, ya mtoto, imebaki karibu nusu. Nikauliza, "Hii ilibakije?"

"Mtoto mkubwa alikuwa na mafua, kamasi ikawa ya kijani. Nikanunua pale duka la dawa. Siku ya tatu akachangamka, nikaacha."

Mnaona? Tangi la kijani, dawa. Kamasi ya kijani, dawa. Mkono ule ule.

Kamasi kuwa ya kijani haina maana kwamba ni bakteria. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, wakikusanyika puani kupigana, wanamwaga kimeng'enya ambacho chenyewe kina rangi ya kijani. Mafua ya kawaida ya virusi yanaweza kuanza na kamasi nyepesi, ikawa nzito, ya njano, ya kijani, kisha ikaisha. Siku saba mpaka kumi, na kikohozi kinaweza kubaki nyuma kidogo. Antibayotiki haimgusi kirusi. Yule mtoto alichangamka siku ya tatu kwa sababu mafua yalikuwa yanakwisha yenyewe. Dawa ilipita tu njiani ikachukua sifa.

Lakini haikupita bure. Kila antibayotiki inapoingia mwilini inaua wanaouawa, wema na wabaya, na kuwaacha waliobaki wakiwa sugu. Hao wanazaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya hili mwaka 1945 alipopokea tuzo ya Nobel. Mwaka 2019, kwa makadirio yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet, watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliogomea dawa. Tanzania iliandaa mpango wa taifa wa kupambana na usugu huu, wa mwaka 2017 mpaka 2022. Usugu ni mtoto mwenye nimonia ya kweli, amelazwa, amewekewa dawa, na dawa haifanyi kazi.

Sasa chukua dawa hiyo uimwage kwenye tangi la sebuleni. Utando mwekundu utakufa, ndiyo. Ukifa kwa mkupuo unaoza, unamaliza oksijeni ya majini, samaki wanapumulia juu juu. Bakteria wema uliowasubiri wiki tano nao wanaweza kuumia, amonia ikapanda upya. Naitreti na fosfeti hazijaondoka, kwa hiyo utando unarudi. Wale bakteria waliobaki hai wamefundishwa kuizoea dawa. Na mtoto wa miaka minne anatumbukiza mkono humo, kisha anamshika mdogo wake mdomoni. Maji ukiyamwaga, yanaingia mtaroni, Msimbazi, baharini.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii chupa si ya samaki na si ya mtoto tena. Ya maji ikishachanganywa haikai muda mrefu. Irudishe duka la dawa waiteketeze inavyotakiwa."

Tulichofanya badala yake

Nawaandikia kwa mpangilio, maana najua wapo wengine wenye matangi, na wasio nayo watachukua la kwao.

1. Taa ilizimwa kabisa siku tatu kwa ajili ya ule utando mwekundu, halafu ikarudi kwa saa saba tu kwa siku. Tangi likahamishwa kutoka dirishani.

2. Chakula mara moja kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Kopo likapandishwa juu ya kabati. Chakula cha kugandishwa kinayeyushwa kwanza na maji yake yanamwagwa.

3. Maji mapya yaliyochujwa kwa mashine ya RO. Ukinunua, uliza kama wamerudishia madini, unataka yasiyorudishiwa. Chumvi ni ile maalumu ya tangi, gramu 35 hivi kwa lita, yaani kama kilo nne na kidogo kwa lita 120. Chumvi ya jikoni haifai, haina kalisi na magnesi ya kutosha kwa matumbawe.

4. Kila wiki kubadilisha asilimia 10 ya maji, yaani lita 12. Hapo hapo unauvuta ule utando kwa mpira, unatoka na maji. Nywele za kijani unazing'oa kwa mkono wenye glavu. Mwani uliouondoa umeondoka na chakula ulichokwishakula.

5. Maji yakipungua kwa joto, unaongeza maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi haipai na mvuke, inabaki.

6. Amonia ikishafika sifuri, ndipo wanaingia wafagizi, konokono wa baharini wachache. Usijaze samaki kwa haraka.

7. Uvumilivu. Hii haiuzwi Kariakoo, hata uzunguke mpaka Gerezani.

Na kwa usalama wa watoto, haya ni lazima. Usichemshe wala kusugua kwa maji moto mawe yenye matumbawe eti kuua mwani. Kuna matumbawe laini yenye sumu kali sana, mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitali huko nje. Usichanganye dawa ya kung'arisha nguo na siki au asidi nyingine. Mwenye kidonda mkononi asiingize mkono, kuna bakteria wa matangi wanaoleta vidonda sugu vya ngozi. Mikono inaoshwa kwa sabuni kila baada ya kugusa maji, na ndoo ya maji haiachwi wazi penye mtoto anayetambaa. Waya za umeme zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yakitiririka yadondoke chini yasiingie kwenye umeme.

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika, jirani akanuna. Wiki ya tatu utando mwekundu ukawa umebaki pembeni tu. Mwezi wa pili kioo kilikuwa kisafi, nywele zimebaki kidogo nyuma ya jiwe, konokono wanazishughulikia. Tumbawe limefunguka. Hakuna kidonge kilichoingia.

Kwa hiyo mama, ubebe nini?

Ukiona kijani puani kwa mtoto, fanya kama tulivyofanya kwenye tangi: tazama kwanza, usikimbilie chupa. Mnyonyeshe zaidi, mpe vinywaji kama kashavuka miezi sita, safisha pua kwa matone ya maji chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo, mpumzishe. Akiharisha bila damu, ni ORS na zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita, siku 10 mpaka 14.

Lakini kutazama si kupuuza. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili mpaka mwaka, 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Ukiona hizo, au kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki vizuri, au kinyesi kina damu, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa naye usimsubirie. Hapo antibayotiki inaweza kuhitajika, na haraka, na ndiyo maana tunaitunza sasa ili siku hiyo ifanye kazi. Akiandikiwa, mpe dozi yote kama ulivyoelekezwa.

Kabla hujalala leo, fungua friji yako, fungua na ile droo ya dawa. Kama kuna nusu chupa, unajua la kufanya.

Sehemu ya 12 tutaongea kikohozi cha usiku. Mlale salama.